Kabla ya Kuukata Mkulo wa Bibi

Wahenga walisema tembea uone. Sisi tulitembea mbali, tukaona, kisha tukarudi nyumbani kukitazama upya kiwanja ambacho tulidhani tunakijua.

Akina mama wenzetu, tuanze na kiwanja hicho. Kipo Lushoto, upande wa Magamba, mahali mashamba ya mboga yanapoishia na msitu unapoanza. Anayetoka Mombo hupanda kilometa 33 hivi za kona, akapita Soni penye maporomoko, na kila kona hewa huzidi kuwa ya baridi. Kiwanja tulipewa na wazazi wa baba watoto. Ni ardhi ya mteremko. Chini kabisa pana kijito. Katikati pana jiwe kubwa mfano wa ng'ombe aliyelala, na ubavuni mwa jiwe umesimama mkulo, ule mti ambao mbao zake zina harufu kali inayowafukuza wadudu. Shina lake ni nene, watu wazima watatu wakishikana mikono ndipo huweza kulizunguka.

Mmoja wetu ni muuguzi na mwingine ni mwalimu. Hatuna biashara, hivyo tuliweka akiba kidogo kidogo kwa miaka 15. Fedha zilipokaribia kutosha, tulinunua ramani Dar es Salaam: vyumba vinne vya kulala, sebule mbili, na nguzo nne nene mbele ya mlango kama za benki. Ilikuwa ramani nzuri, lakini ilitaka uwanja tambarare kama meza.

Fundi alikuja, akakitazama kiwanja, akatikisa kichwa kwa furaha. "Hapa hakuna tatizo," alisema. "Tunaleta katapila siku mbili tu. Jiwe tunapasua, mteremko tunakata, mti tunaangusha. Mtapata na mbao za kenchi bure."

Baba watoto aliridhika. Aliyekuwa hajaridhika ni mama yake mzazi, ambaye sisi sote nyumbani tunamwita Bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Jengeni mtakavyo, wanangu. Ila mkiukata mti huo, mimi msinihamishe. Nitabaki kwenye nyumba yangu."

Neno hilo lilituumiza, maana nyumba hiyo tuliikusudia hasa kwa ajili yake. Bibi ana pumu. Nyumba yake ya zamani ina jiko la kuni ndani, na moshi hauna pa kutokea. Mara mbili tulimbeba usiku kumpeleka hospitali huku akivuta pumzi kwa shida. Sasa tungejenga nyumba ya kisasa ya kumwokoa na moshi, na yeye asiingie?

Tulilizungumza jambo hilo wiki nzima. Mmoja wetu alisema mti ni mti tu, utapandwa mwingine. Mwingine alisema Bibi asipohamia, basi tunajenga kwa ajili ya nani? Mwisho tukaacha kabisa kulizungumza. Mama yeyote aliye katika ndoa anakijua kimya cha namna hiyo, jinsi kinavyokaa mezani kama mgeni asiyeaga.

Safari ambayo hatukuipanga

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 tulijikuta miongoni mwa watu wanane wa usharika wetu waliokwenda kuwatembelea marafiki wa kanisa katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, huko Marekani. Tulipangiwa kukaa kwa wazee wawili wastaafu, mume na mke. Jioni moja, baada ya chakula, mama mwenyeji alituuliza habari za nyumbani. Tukajikuta tunasimulia habari za kiwanja, jiwe na mti. Pengine ni rahisi kumwambia mgeni yale mliyoshindwa kuambiana wenyewe.

Mama yule alimtazama mumewe, kisha akasema, "Kesho tutawapeleka mkaone nyumba moja."

Tuliondoka asubuhi. Ni safari ya saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka mjini, kuelekea kusini mashariki, kwenye milima yenye misitu. Ilikuwa majira ya kupukutika kwa majani, na mialoni na miti mingine ilikuwa imegeuka myekundu, ya manjano na ya kahawia, kama khanga mpya zilizoanikwa mlima mzima. Baridi ilikuwa kama ya Lushoto mwezi wa Julai. Tuliacha gari, tukatembea kwa miguu kwenye njia ya msituni. Kwanza tulisikia maji. Nyumba hatukuiona mpaka tulipoikaribia kabisa, na hata tulipoiona hatukujua mara moja jabali linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Nyumba hiyo inaitwa Fallingwater, yaani maji yaangukayo. Ilibuniwa mwaka 1935 na msanifu wa majengo aliyeitwa Frank Lloyd Wright, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 68 na wengi walidhani siku zake zimekwisha. Wenye nyumba walikuwa Bwana Edgar Kaufmann na mkewe Liliane, waliokuwa na duka kubwa mjini Pittsburgh. Mtoto wao wa kiume alikuwa amesoma kwa Wright, na ndiye aliyewakutanisha. Nyumba kubwa ilikamilika mwaka 1937, na ile ndogo ya wageni, iliyo juu yake mlimani, mwaka 1939.

Familia ilipapenda pale kwa sababu ya maporomoko ya kijito kiitwacho Bear Run. Walikuwa wakija kupumzika, kuogelea na kuota jua juu ya mawe. Basi walitarajia nyumba ijengwe mahali ambapo wangekaa dirishani na kuyatazama maporomoko kwa mbali. Wright akawachorea nyumba juu ya maporomoko yenyewe. Ukiwa sebuleni huyaoni. Unayasikia, usiku na mchana. Aliona kwamba kitu unachokitazama kila siku hukizoea, lakini ukiishi nacho kinakuwa sehemu yako.

Ramani ya miti kwanza

Mama aliyetutembeza alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na alijua kila kona. Alitueleza kwamba Wright alifika pale mara ya kwanza mwezi wa Desemba 1934. Alitembea, akatazama, akasikiliza maji. Kisha, kabla hajachora hata mstari mmoja wa nyumba, aliomba apimiwe ardhi na aletewe ramani inayoonyesha majabali na miti mahali pake. Ramani hiyo aliipata Machi 1935. Nyumba yenyewe aliichora Septemba.

Baba watoto alimsimamisha. "Samahani, mama. Unasema ramani ya miti ilitangulia ramani ya nyumba?"

"Ndivyo ilivyokuwa," alijibu.

Hatukusema kitu. Tulitazamana tu, maana sote wawili tulikuwa tukiifikiria ile ramani yetu ya Dar es Salaam, yenye nguzo nne na ambayo haikuonyesha hata jani moja.

Tuliingia ndani. Mlango ni mdogo na umejificha, dari ni ya chini, na kijia cha kuingilia kina giza kidogo. Halafu ghafla unatokea sebuleni penye mwanga na madirisha marefu, msitu umekuzunguka pande tatu. Sakafu ni ya mawe bapa yaliyopakwa nta hadi yanang'aa kama yamelowa maji. Na pale penye sehemu ya kuotea moto, lo! jabali limechomoza sakafuni. Halikuletwa pale na mtu. Ni jiwe la mlima wenyewe, lilikuwepo kabla ya nyumba. Lenyewe halikupakwa nta, hivyo linaonekana kavu, mfano wa jiwe lililoinuka katikati ya mto.

Tulichofurahia zaidi ni habari yake. Wright alikusudia kulikata jiwe hilo liwe sawa na sakafu. Mwenye nyumba ndiye aliyeomba liachwe, kwa kuwa ndipo familia yake ilipokuwa ikikaa kuota jua. Kwa hiyo sehemu ambayo leo wageni huisifu sana haikutoka kwa mtaalamu peke yake. Ilitoka kwa mtu aliyepakalia mahali pale, akapapenda na akathubutu kusema.

Hapo tulimkumbuka Bibi. Yeye pia alisema, na sisi tukadhani anatukwamisha.

Mambo ya ndani, kwa macho ya mama

Sisi akina mama tukiingia katika nyumba ya watu hatuishii kusifu ukuta. Tunatazama makabati, jiko na bafu. Basi tuwaeleze tuliyoyaona.

Kuta za mawe zilijengwa kwa mawe yaliyochimbwa palepale karibu, yakalazwa mengine yakichomoza na mengine yakirudi ndani, kama miamba ya kijito. Rangi zilizotumika ni mbili tu: zege lilipakwa rangi ya hudhurungi nyepesi, na vyuma vya madirisha vikapakwa nyekundu iliyokolea. Mahali pengine kioo kimechomekwa moja kwa moja kwenye mfereji uliochongwa ukutani, bila fremu. Kwenye baadhi ya pembe madirisha yanafunguka pande mbili na hakuna nguzo katikati, kiasi kwamba pembe ya chumba inatoweka. Katika chumba cha kazi cha Bwana Kaufmann, meza imekatwa robo duara ili dirisha lipate kufunguka kwa uhuru. Na nje, penye njia ya magari, boriti ya zege imepindishwa kulizunguka shina la mti. Wajenzi wangeweza kuuangusha mti kwa dakika chache, nao wakaamua kuipinda boriti.

Makabati ya nguo yana rafu za kuvuta zilizosukwa kama viti vya ukindu. Tuliuliza sababu. Tukaambiwa ni kwa ajili ya unyevu, ili hewa ipite chini ya nguo zisishike ukungu. Mabafu yamefunikwa kwa gamba laini la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, hivyo mguu mtupu haushtuki kwa baridi. Jiko la kupikia ni dogo na la kawaida, lina dirisha zuri na jiko la chuma zito. Vyumba vya kulala navyo si vikubwa. Karibu nusu ya eneo lote la nyumba ni vibaraza vya nje, kwa sababu familia ilikusudia kuishi nje kuliko ndani. Tukakumbuka kwamba sisi tulikuwa tumepanga sebule mbili na hatukuwa na baraza hata moja.

Mama Liliane mwenyewe alitugusa. Pamoja na mali yote ile, aliwahi kuiongoza Hospitali ya Montefiore ya Pittsburgh, na muuguzi miongoni mwetu alisimama kidogo katika chumba chake akimfikiria mama huyo akitoka mjini kwenye matatizo ya wagonjwa na kuja kulala akisikia maji. Yeyote aliyefanya zamu ya usiku wodini anajua thamani ya kitu hicho.

Usipoziba ufa

Hata hivyo, tusiwadanganye wasomaji wetu kwamba nyumba ile ni kamilifu. Mama aliyetutembeza hakutuficha, na tunamshukuru kwa hilo.

Kwanza ni gharama. Kazi yote, pamoja na nyumba ya wageni, ilifika dola 155,000, mara kadhaa ya fedha ambayo wenye nyumba walikuwa wamepanga kutumia. Tajiri mwenye duka aliweza kulimeza jambo hilo. Muuguzi na mwalimu wasingeweza.

Pili ni uzito. Vibaraza vyake vikubwa vimejitokeza hewani juu ya maji bila nguzo chini. Tangu wakati wa ujenzi wahandisi walikuwa na mashaka, na nondo za ziada zikaongezwa. Mbao za kushikilia zege zilipotolewa, sakafu ilianza kuinama, na nyufa zikaonekana. Miaka ikapita, nayo ikaendelea kuinama. Wataalamu walipopima katika miaka ya 1990 walikuta kibaraza kikuu kimeshuka karibu sentimita 18. Mwaka 1997 kiliwekewa nguzo za chuma za muda kisianguke, na mwaka 2002 kazi ya kuiimarisha kwa nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya sakafu ilikamilika. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale karibu wangejenga nyumba nzima.

Tatu ni maji na unyevu. Paa la bapa katikati ya msitu huvuja, na nyumba ile imevuja tangu siku za mwanzo. Inasemekana mwenye nyumba mwenyewe alikuwa akiitania kwa jina la ukungu. Sisi wauguzi ukungu hatuutanii. Kwa mtoto au mzee mwenye pumu, chumba chenye ukungu ni ugonjwa uliojengewa kuta.

Mtoto wa Kaufmann aliirithi nyumba hiyo, na mwaka 1963 akaikabidhi pamoja na msitu wake kwa shirika la uhifadhi la magharibi mwa Pennsylvania. Ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1964, na mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na majengo mengine saba ya Wright. Msitu unaoizunguka umehifadhiwa, ekari 5,000 hivi. Tulipokuwa tukiondoka tulipita ng'ambo ya kijito, tukageuka kuitazama. Baba watoto alisema kwa sauti ya chini, "Mama Elia, tukifika nyumbani tumuombe Bibi atutembeze kiwanjani."

Kile kimya cha miezi kadhaa kiliishia pale, kando ya maji ya watu wengine.

Bibi anatutembeza

Tulirudi, na Jumamosi ya kwanza tukaenda. Tulichukua kamba, mambo za mbao na daftari. Tulimwambia Bibi tumetumwa na wazungu kuuliza habari za miti. Alicheka, akachukua fimbo yake, akatangulia.

Kwa saa mbili mzee yule alitufundisha ardhi yake. Alituonyesha mahali maji ya masika yanapopita yakitoka juu msituni. Kiangazi hapaonekani, ni majani tu, lakini yeye alikuwa ameyaona yakipita pale miaka yote ya ndoa yake. Ilikuwa ni palepale fundi alipotaka kukata mteremko na kuweka vyumba vya kulala. Alituonyesha upande unaotoka upepo wa baridi mwezi wa Juni na wa Julai, mahali ukungu wa asubuhi unapochelewa kuondoka, na mahali jua linapogonga kwanza. Kuhusu mkulo alisema mizizi yake ndiyo iliyoushika udongo wa upande ule. Tulimwamini, kwani jirani wa kilima cha pili alisawazisha kiwanja chake kwa katapila, na masika ya mwaka uliofuata udongo wa nyuma ulishuka usiku ukajaa jikoni kwake. Mungu alisaidia, watoto walikuwa wamelala chumba cha mbele.

Kisha akakaa juu ya lile jiwe, akatuambia kwamba marehemu mumewe alikuwa akipumzika hapo akitoka shambani, naye ndipo alipokuwa akimletea uji. Ndoa nzima ya watu wawili ilikuwa pale, nasi tulitaka kuipasua kwa siku mbili.

Tuliweka kila kitu kwenye daftari: jiwe, mkulo, miti mingine 11, njia ya maji na kijito. Tulipima pia umbali wa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Kona moja ya ile ramani ya kwanza ilikuwa mita 40 tu kutoka majini. Wao kule Pennsylvania walijenga juu ya maporomoko. Kwetu haifai, wala hatukutaka, kwani maji yale yananywewa na watu walio chini yetu.

Nyumba tuliyojenga

Tulimtafuta kijana mchoraji wa ramani mjini Tanga, tukampa daftari letu kabla ya kumwambia idadi ya vyumba. Fedha tuliyolipia ramani ya kwanza ilipotea, na tulikubali. Nguzo nne zilikwenda, pamoja na sebule moja na chumba kimoja cha kulala. Kwa fedha iliyookolewa tukapata baraza pana na msingi imara.

Nyumba imeshuka na mteremko kwa ngazi mbili badala ya kuukata. Chumba cha Bibi kipo ngazi ya juu, usawa wa barabara, ili asipande wala kushuka kidato hata kimoja kufika kitandani na bafuni. Msingi ni wa mawe ya palepale, kuta za juu ni tofali za kuchoma, na bati ni la kijani kibichi. Hatukuthubutu paa la bapa. Paa letu lina mwinamo mkali, mifereji ya bati pande zote, na maji yake huingia kwenye tangi. Njia ya maji ya masika tuliiacha ipite ilivyopita siku zote, tukaijengea mtaro wa mawe. Jikoni tunatumia gesi, na kwa siku za baridi tumejenga sehemu ya kuotea moto yenye dohani ndefu inayovuta vizuri. Madirisha ni makubwa upande wa jua la asubuhi na madogo upande wa upepo, na yote yana wavu. Makabati ya nguo yana milango ya mbao zenye nafasi ili hewa ipite, kwa kukumbuka yale tuliyoyaona.

Mkulo upo. Nyumba tuliisogeza kutoka kwenye matawi yake, na mafundi walikatazwa kuchimba karibu na mizizi. Tuliita bwana misitu aukague, akatushauri tuondoe tawi moja lililokuwa limekufa, maana kuupenda mti si kulala chini ya tawi lililooza. Jiwe nalo lipo. Hatukuliingiza sebuleni, tukiogopa unyevu, lakini baraza imejengwa kulizunguka, na sakafu yake inaishia pale jiwe linapoanzia.

Makosa hayakukosekana. Masika ya kwanza paa lilivuja pale sehemu mbili za bati zinapokutana, na tukawa tunatega ndoo usiku. Chumba cha nyuma kilishika ukungu ukutani kwa kuwa tulikisogeza mno kwenye mteremko. Ilibidi tuchimbe mfereji nyuma yake, tujaze kokoto na kuongeza dirisha. Kazi hiyo ilitugharimu fedha ambayo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya uzio.

Kwa mama mwenzetu anayefikiria kujenga karibu na msitu, tungependa kumwachia machache. Ukitazame kiwanja wakati wa masika kabla ya kuchora, si kiangazi peke yake. Waulize wazee wa mahali hapo njia ya maji na ya upepo, kisha uliza ofisi ya ardhi na ya misitu juu ya mipaka na vibali. Andika miti na mawe kwenye karatasi kwanza, vyumba baadaye. Usiegemeze kuni wala matofali ukutani, maana ndipo nyoka wanapojificha, na zunguka nyumba kwa ukanda wa nyasi fupi. Fagia majani kwenye mifereji ya paa kila mwezi. Na kila mwaka, kabla ya mvua, zungukeni nyumba nzima mume na mke mkitafuta nyufa.

Bibi alihamia Agosti 2024. Pumu haijamwacha kabisa, lakini tangu aondoke kwenye moshi hatujambeba usiku. Asubuhi hunywa uji wake akiwa amekaa kwenye lile jiwe, na akimaliza humwaga matone ya mwisho kwenye mizizi ya mkulo. Hatujamuuliza kwa nini.

Wageni wanaokuja mara ya kwanza hutupigia simu wakiwa barabarani, wakilalamika kwamba wamefika tulipowaelekeza lakini wanaona miti tu. Bibi akisikia hutaka apewe simu. "Shukeni kwenye gari," huwaambia. "Fuateni harufu ya chai. Mmeshafika."